Haki Isiyodaiwa: Uhakiki wa Istilahi ya "Kuhesabiwa Haki kwa Imani" katika Tafsiri za Kiswahili na Lugha Jirani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyobeba fundisho la Kikristo la kuhesabiwa haki kwa imani, pamoja na baraka zinazotajwa kufuatana nalo katika Waraka wa Paulo kwa Warumi 5:1–11. Tafsiri tatu za Biblia zinachunguzwa: ile ya Karl Roehl (1937), Tafsiri ya Muungano (1952) na Habari Njema, ambayo Biblia yake nzima ilitoka katika miaka ya 1990. Istilahi za tafsiri hizo zinalinganishwa na zile za Kinyarwanda na Kiganda. Makala yanadai kwamba neno "haki" lina mgongano wa ndani, kwa sababu katika matumizi ya kila siku linataja kitu anachostahili mtu, ilhali fundisho lenyewe linahusu kitu asichostahili. Mgongano huo umechukuliwa na baadhi ya wafasiri kuwa kasoro ya kuondolewa. Makala yanaonyesha kwamba kuuondoa kuna gharama, hasa katika jamii ambamo msamaha wa mkosaji na madai ya aliyekosewa vinazungumzwa kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Lugha ya dini katika Kiswahili imezoeleka kuchunguzwa kwa upande wa ukopaji: neno gani limetoka Kiarabu, lipi limetoka Kilatini au Kireno, na lipi ni la asili ya Kibantu. Uchunguzi huo ni muhimu, lakini hautoshi. Neno likishakopwa huingia katika maisha ya lugha. Hutumika sokoni, mahakamani, bungeni na nyumbani, na maana zake za huko hulifuata mpaka mimbarini. Msikilizaji haingii kanisani na kamusi nyingine kichwani. Anasikia "haki" ya mhubiri kwa masikio yale yale aliyosikilizia "haki" ya wakili na "haki" ya kiongozi wa wafanyakazi.

"Kuhesabiwa haki" ni istilahi inayofaa kupimwa kwa mtazamo huo. Jambo linalotajwa nayo ndilo kiini cha Waraka kwa Warumi na ule kwa Wagalatia. Ndilo lililokuwa katikati ya mgogoro wa Martin Luther na Roma katika karne ya 16, na ndilo lililotolewa tamko na Mtaguso wa Trento mwaka 1547. Vilevile, ndilo lililosababisha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki kutia saini Tamko la Pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Mjadala huo si wa Ulaya pekee. Fungamano hilo lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam mwaka 1977, na hapo Askofu Josiah Kibira wa Tanzania akachaguliwa kuwa rais wake. Hata hivyo, mjadala unapoendeshwa kwa Kiswahili, mara nyingi hoja huletwa zikiwa zimekwisha kupikwa katika lugha nyingine, na maneno ya Kiswahili huchukuliwa kama vyombo vya kupakulia tu.

Makala haya hayaamui kama fundisho lenyewe ni la kweli au si la kweli. Kazi hiyo ni ya wanateolojia na ya waumini. Yanahakiki maneno: yanabeba nini, yanaacha nini, na yanaongeza nini ambacho hakikuwamo katika matini chanzi. Swali linaloyaongoza ni hili: je, Kiswahili kinapomwambia mtu kwamba amehesabiwa haki, kinamwambia nini hasa, na kinamwambia nini jirani yake aliyedhulumiwa naye?

2.0 Kitenzi kimoja, maneno mawili

Katika Kigiriki cha Paulo, tendo linalozungumzwa hutajwa kwa kitenzi kimoja, *dikaioo*. Kitenzi hicho kina ukoo na *dikaios*, yaani mtu mwenye haki, na *dikaiosune*, yaani haki yenyewe. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, kitenzi hicho hutumika kwa kazi ya mwamuzi: Kumbukumbu la Torati 25:1 inawataka waamuzi wampe ushindi mwenye haki na wamtie hatiani mwovu. Ni neno la baraza la hukumu.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kilichonyumbuliwa kutokana na "haki" chenye maana hiyo. Shina hilo limezaa "kuhakiki" na "kuhakikisha", lakini vitenzi hivyo vimekwenda upande wa uchunguzi na uthibitisho. Tafsiri ya Muungano ikalazimika kuunda kirai: kitenzi "hesabia" katika kauli ya kutendwa, kikifuatwa na nomino "haki". Kitenzi hicho hakikuchaguliwa ovyo. Katika sura ya 4 ya Warumi, Paulo anaeleza habari za Abrahamu kwa kitenzi kingine, *logizomai*, chenye maana ya kuhesabu au kuandika katika hesabu, na anakirudia mara 11 katika sura hiyo moja. Chanzo chake ni Mwanzo 15:6, ambako imani ya Abrahamu inahesabiwa kuwa haki. Wafasiri wa Muungano walichukua kitenzi cha sura ya 4 wakakiunganisha na nomino ya haki, kisha wakakitumia kirai hicho hata pale ambapo Kigiriki kina kitenzi cha baraza pekee, kama vile 3:28 na 5:1.

Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili husikia daftari mahali ambapo msomaji wa Kigiriki alisikia baraza. Hilo ni badiliko la sitiari, na mhakiki hana budi kulitaja. Hata hivyo, badiliko hilo lina faida mbili. Kwanza, limeiunganisha sura ya 4 na ya 5 kwa namna inayoonekana wazi, kwani mtu anayesoma kwa mfululizo anatambua kwamba kilichompata Abrahamu ndicho kinachompata muumini. Pili, limejenga jozi: Kiswahili hicho hicho kinasema pia "kuhesabiwa dhambi" na "kutohesabiwa makosa". Haki na dhambi zinakuwa maingizo mawili yanayowezekana katika daftari moja, na mwenye daftari ni mmoja.

Kuna ushahidi mwingine kwamba wafasiri walijua mipaka ya kirai chao. Katika 1 Timotheo 3:16, kitenzi cha Kigiriki ni kile kile *dikaioo*, lakini anayetajwa ni Kristo. Hapo Tafsiri ya Muungano inakiacha kirai "kuhesabiwa haki" na kutumia kitenzi "kujulikana". Sababu inaeleweka. Katika Kiswahili, anayehesabiwa haki ni yule ambaye kwa asili hakuwa nayo; mwenye haki tangu mwanzo hahesabiwi, hutambulikana. Kirai kimekwisha kuwa istilahi yenye mpaka: kinamhusu mkosaji. Kwa upande mwingine, katika Yakobo 2:24, ambako matendo yanatajwa kuwa msingi wa jambo hilo na imani peke yake inakataliwa, Muungano imekiacha kirai kile kile kisimame. Haikumsaidia msomaji kuukwepa ubishani kati ya Yakobo na Paulo. Huo ni uaminifu wa kitaaluma unaostahili kusifiwa.

3.0 Haki: stahili au zawadi?

Tatizo kubwa halimo katika "kuhesabiwa". Limo katika "haki".

Katika Kiswahili cha kila siku, haki ni kile kilicho cha mtu kwa stahili. Mfanyakazi aliyenyimwa ujira hudai haki yake. Mjane aliyeondolewa katika shamba la marehemu hupigania haki yake. Katika lugha ya katiba na ya mikataba ya kimataifa, "haki za binadamu" ni vitu ambavyo mtu anavyo kwa kuwa mtu, wala hapewi kwa hisani. Vitenzi vinavyoandamana na neno hili vinathibitisha jambo hilo: haki hudaiwa, hutetewa, hunyimwa, hupokonywa, hupatikana. Ni nadra kusikia kwamba haki imetolewa kama zawadi. Na ikisemwa hivyo, msikilizaji atashuku kwamba kuna hila.

Hoja ya Paulo katika Warumi 4:4–5 inakwenda kinyume kabisa na mwelekeo huo. Anatofautisha ujira wa mtu afanyaye kazi, ambao ni deni kwa mwajiri, na kile anachopewa mtu asiyefanya kazi bali anaamini. Kilicho cha kwanza ni stahili. Cha pili ni neema. Kisha anasema kwamba hicho cha pili kinaitwa haki. Kwa sikio la Kiswahili, kauli hiyo ni fumbo: stahili isiyostahiliwa, haki isiyodaiwa. Tena Paulo anathubutu kumtaja Mungu kuwa ndiye amhesabiaye haki mtu asiye mcha Mungu, ilhali Mithali 17:15 inamtaja mwamuzi anayempa ushindi mwovu kuwa ni chukizo. Ikiwa hakimu wa mahakama ya mwanzo angefanya hivyo, tungesema amepokea rushwa.

Je, fumbo hilo ni kasoro ya tafsiri? Makala haya yanajibu kwamba sivyo. Fumbo limo katika matini chanzi. Msomaji wa kwanza wa waraka huo, aliyejua Torati na aliyejua mahakama za Kirumi, alikwazwa vivyo hivyo. Tafsiri inayomfanya msomaji apite mahali hapo bila kukwama imemsomea matini nyingine. Kilichokuwa kinahitajika si kulainisha neno bali kuweka kando yake neno jingine litakalolizuia lisitafsiriwe kama stahili ya kawaida. Kazi hiyo inafanywa na "kuhesabiwa". Mtu hahesabiwi kile ambacho tayari anacho mkononi; anahesabiwa kile ambacho mwenye daftari ameamua kukiandika kwa jina lake.

Inafaa pia kukumbuka kwamba "hesabu" ina mwangwi wake wenyewe katika utamaduni wa pwani. Kwa Waswahili Waislamu, ambao wamelitumia neno hilo kwa karne nyingi kabla ya Johann Ludwig Krapf kuanza kufasiri sehemu za Biblia Mombasa mwaka 1844, hesabu ni jambo la Siku ya Mwisho: siku ya mizani, siku kila mmoja atakapoonyeshwa matendo yake. Kutumia kitenzi hicho kwa hukumu iliyokwisha kutolewa leo, kabla ya siku hiyo, ni kudai jambo zito. Msikilizaji wa pwani hulisikia dai hilo kwa nguvu kuliko msomaji wa lugha nyingi za Ulaya. Hapa Kiswahili hakikupoteza kitu, kimeongeza uzito.

4.0 Majaribio mawili ya kuondoa mgongano

4.1 Roehl na "wongofu"

Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937 akiwa na lengo linalojulikana: kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuyaweka ya Kibantu mahali pake. "Haki" ikawa "wongofu", na imani ikaelezwa kwa kitenzi "kumtegemea". Uteuzi wa pili una mvuto, kwani kutegemea kunaonyesha mwili mzima ukiegemea kitu kingine, na hilo liko karibu na maana ya Paulo. Uteuzi wa kwanza umeleta shida. "Wongofu" unatokana na kuongoka, na kuongoka ni kushika njia iliyonyoka. Neno linaeleza hali ya mtu aliyebadilika mwenendo. Zaidi ya hayo, katika lugha ya makanisa, kuongoka ni kuokoka au kubadili dini. Kwa hiyo "wongofu" unachanganya hukumu inayotolewa juu ya mtu na badiliko linalotokea ndani yake, na hivyo mambo mawili ambayo mjadala wa karne ya 16 ulikuwa ukiyatenganisha yanafungwa katika neno moja. Mwanateolojia wa Trento pengine angelifurahia zaidi kuliko Mlutheri. Ni kinaya kwamba mfasiri wake alitoka katika nchi ya Luther.

Kuna hasara nyingine. Neno "haki" lilipoondolewa, fundisho liling'olewa katika lugha ya mabaraza, ya madeni na ya dhuluma. Likawa suala la roho ya mtu binafsi. Hilo si jambo dogo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 7.

4.2 Habari Njema na "kukubaliwa kuwa mwadilifu"

Habari Njema, iliyofuata kanuni ya kufasiri maana badala ya kufuata umbo, ilichagua "kukubaliwa kuwa mwadilifu". Nia yake ni nzuri. Kijana wa shule ya sekondari anaelewa "kukubaliwa" bila kufundishwa. Kitenzi hicho kinaleta uhusiano: aliyekuwa nje amepokewa ndani. Kwa msomaji anayeshika Biblia kwa mara ya kwanza, sentensi inatiririka.

Hata hivyo, "mwadilifu" ni neno la mwenendo. Katika lugha ya utumishi wa umma, uadilifu ni sifa ya kiongozi asiyekula rushwa, anayetangaza mali zake na kufuata maadili ya kazi. Sifa hiyo hujengwa kwa matendo, hupimwa kwa matendo, na hupotezwa kwa matendo. Ukimwambia msikilizaji wa leo kwamba mtu amekubaliwa kuwa mwadilifu, ataelewa kwamba mwenendo wake umechunguzwa ukaonekana safi, kama mwombaji wa kazi aliyefaulu usaili. Hapo fundisho limegeuka kichwa chini, na limegeuka kimyakimya, bila msomaji kukwazwa. "Haki" humkwaza msomaji na kumlazimu aulize. "Uadilifu" humpitisha akiwa na jibu lisilo sahihi. Kati ya neno linalozua swali na neno linaloficha swali, mhakiki anachagua la kwanza.

5.0 Majirani wanasemaje?

Hali ya Kiswahili inaonekana vizuri zaidi tukiilinganisha na lugha za jirani. Kinyarwanda kinatumia *gutsindishirizwa*. Shina lake ni *gutsinda*, kushinda, ambalo hutumika pia kwa kushinda kesi. Kwa kuongezewa viambishi vya usababishi na vya kutendwa, kitenzi kinapata maana ya kufanywa mshindi, yaani kupewa ushindi na mwingine. Kirundi kinatumia shina lilo hilo. Kiganda kwa upande wake kinasema *okuweebwa obutuukirivu*, kupewa utuukirivu, na nomino hiyo inatokana na kutimia au kukamilika.

Lugha hizi tatu zimegawana sitiari. Kinyarwanda kimelibakiza baraza: kuna kesi, kuna upande ulioshinda, na mshindi hakushinda kwa nguvu zake. Kiganda kimelibakiza wazo la zawadi: kitenzi "kupewa" kinasema waziwazi kile ambacho Kiswahili kinakieleza kwa "kuhesabiwa". Kiswahili kimebakiza neno la stahili na kuliweka katika daftari. Hakuna lugha iliyobeba yote. Ni kosa la kimbinu, basi, kuchukua istilahi ya lugha moja, iwe ya Ulaya au ya hapa kwetu, na kuifanya mizani ya kuzipimia nyingine.

Ulinganishi huu una historia pia. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulivuka mipaka ya lugha hizi zote. Wahubiri wake walisafiri na ujumbe mmoja wa toba, msamaha na damu ya Kristo, lakini kila walikofika ujumbe huo uliingia katika sitiari ya mahali. Utafiti wa ushuhuda wa Uamsho kwa kufuata njia za istilahi hizi ungetufundisha mengi kuhusu jinsi fikra inavyohama kati ya lugha za kanda yetu bila kupitia lugha ya mkoloni.

6.0 Baraka zinazofuata

Warumi 5:1–11 inataja matunda ya jambo hili: amani, njia ya kuifikia neema, tumaini la utukufu, furaha hata katika dhiki, upendo uliomiminwa moyoni, kuokolewa na ghadhabu, na mwisho upatanisho. Baraka hizo si mali wala afya. Katikati ya orodha yake mwandishi ameweka dhiki, na kutoka katika dhiki anapanda ngazi kwenda saburi, uthabiti na tumaini. Uhakiki wa matumizi ya neno "baraka" katika mahubiri ya mafanikio, ambamo baraka ni gari, nyumba na safari, unaweza kuanzia hapa: katika matini yenyewe, dhiki haimo upande wa pili wa baraka.

Tatu kati ya baraka hizo zinastahili uchambuzi wa lugha.

Ya kwanza ni amani. Katika Kiswahili, "imani" na "amani" zinatokana na shina moja la Kiarabu, na sikio linazitambua kuwa ndugu. Katika Kigiriki, maneno mawili yanayohusika hayana udugu wowote. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba imani imezaa amani, anasikia jambo linalofanana na ukweli wa lugha yenyewe. Hiyo ni faida ambayo mfasiri hakuitafuta, na mhubiri anaweza kuitumia vibaya akidhani kwamba mfanano wa sauti ni hoja.

Kuna pia suala la hali ya kitenzi. Nakala za kale za Kigiriki zinatofautiana kwa herufi moja tu katika 5:1: baadhi zinasema kwamba tunayo amani, nyingine zinahimiza tuwe nayo. Tafsiri ya Muungano inafuata himizo. Habari Njema inafuata taarifa. Tofauti hiyo ndogo inabadili hesabu yote. Kwa taarifa, amani imo tayari katika kile kilichohesabiwa. Kwa himizo, amani ni wajibu unaofuata. Habari Njema inastahili sifa hapa, si kwa sababu ya uteuzi wa nakala pekee, bali pia kwa kihusishi: "amani na Mungu" inaonyesha pande mbili zilizokuwa na ugomvi, ilhali "amani kwa Mungu" ya Muungano inamwacha msomaji akijiuliza amani hiyo inatoka wapi na inakwenda wapi.

Ya pili ni njia ya kuifikia neema. Kigiriki kina neno linalotumika kwa mtu anayeletwa mbele ya mkubwa na mwenye ruhusa ya kumwingiza. Utamaduni wetu una desturi hiyo: mtu haendi kwa mzee au kwa mtawala bila mshenga au mtu wa kumtangulia. Wafasiri wangeweza kulitumia wazo hilo zaidi kuliko walivyofanya.

Ya tatu ni upatanisho. Hapa sarufi ya Kibantu inafanya kazi ambayo Kigiriki hakiifanyi. Kitenzi "patanisha" kina kiambishi cha kutendana ndani yake: "patana" ni jambo la pande mbili, na "patanisha" ni kuzifanya pande hizo mbili zipatane. Huwezi kupatanisha upande mmoja. Neno lenyewe linamtaka aliyekosewa awepo.

7.0 Aliyekosewa yuko wapi?

Hapa ndipo uhakiki wa istilahi unapogusa maisha ya watu. Fundisho hili, kama linavyohubiriwa mara nyingi, lina wahusika wawili tu: Mungu na mkosaji. Mtu wa tatu, yaani yule aliyedhulumiwa na mkosaji huyo, haonekani. Katika jamii zilizopitia maovu makubwa, kutoonekana kwake si kasoro ya nadharia.

Rwanda ni mfano ulio karibu nasi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, zilisikiliza kesi nyingi kuliko mahakama za kawaida zingeweza kubeba, na sheria yake iliweka nafasi ya kukiri kosa na kuomba msamaha. Jumapili, watu hao hao wangeweza kukaa katika kanisa moja, mkosaji na aliyeachwa yatima, na kusikia kwamba mwaminiye *yatsindishirijwe*, amefanywa mshindi wa kesi. Ushindi juu ya nani? Mwanateolojia atajibu kwamba ni ushindi mbele ya hukumu ya Mungu. Lakini kitenzi hakisemi hivyo, na katika kesi yoyote ya kawaida, mmoja akishinda kuna mwingine aliyeshindwa. Aliyeachwa yatima ana sababu ya kuuliza kama yeye ndiye aliyeshindwa.

Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, kinaleta neno jingine katika mazungumzo hayo. "Haki" ni neno la mkosaji aliyehesabiwa, na wakati huo huo ni neno la aliyenyang'anywa. Haiwezekani kwa Kiswahili kutangaza kwamba mwuaji amehesabiwa haki bila yatima kukumbuka kwamba naye ana haki yake, nayo bado inadaiwa. Ule mgongano ambao Roehl aliuondoa kwa sababu ya asili ya neno, na ambao Habari Njema iliuondoa kwa sababu ya urahisi wa kueleweka, ndio unaomrudisha mtu wa tatu katika chumba. Neno linakataa kumsahau.

Mkosaji akiwa amehesabiwa haki isiyodaiwa, haki inayodaiwa na jirani yake haijafutwa. Sioni kwamba hilo linapingana na Paulo; upatanisho anaoutaja mwishoni mwa kifungu, kwa sarufi yetu, unahitaji pande zote. Lakini hata kama mwanateolojia ataona vingine, mtaalamu wa lugha ana wajibu wa kusema kwamba ndivyo wasikilizaji wa Kiswahili wanavyoweza kulisikia neno hilo, na wana sababu ya kulisikia hivyo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kirai cha Tafsiri ya Muungano, licha ya kulaumiwa kuwa kigumu, kimebeba zaidi ya vile vilivyokusudiwa kukirekebisha. "Wongofu" umekifanya kuwa suala la mwenendo wa ndani. "Uadilifu" umekifanya kuwa cheti cha tabia njema. "Kuhesabiwa haki" kimebakiza daftari, deni, dhuluma na zawadi katika maneno mawili, na kimewaachia wasikilizaji kazi ya kuuliza. Udhaifu wake ni kwamba kinahitaji mwalimu. Habari Njema nayo imeonyesha, katika suala la amani, kwamba uwazi na usahihi vinaweza kwenda pamoja.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kamusi za istilahi za dini zinazoandaliwa katika kanda yetu zisitoe kisawe kimoja tu kwa kila dhana. Zionyeshe pia maana ya kila siku ya neno na mahali maana hizo zinapogongana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, pamoja na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, yana nafasi nzuri ya kuratibu kazi hiyo kwa kuzihusisha lugha jirani. Pili, wafasiri wa Biblia wanaofikiria matoleo mapya wakibakize kirai hiki na kukifafanua katika tanbihi, badala ya kukibadilisha. Tatu, washauri wa sera na wakalimani wanaofanya kazi za maridhiano, ambako lugha ya imani na lugha ya sheria hukutana katika kikao kimoja, wasichukulie kwamba "haki" ina maana moja kwa kila aliyeketi. Kabla ya kikao kuanza, iulizwe na iandikwe: haki inayotajwa hapa ni ipi, ni ya nani, na nani bado anaidai.